Ukulele ya Mama Mkwe

Miaka kumi na saba nimekuwa mkwe wa watu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumtazama mama mkwe wangu usoni. Nalisema hili kwa majivuno, si kwa aibu. Kwetu Usukumani, angalau katika ukoo niliooa mimi, mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mkono. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini na kuinamisha kichwa mpaka apite. Ukimpelekea sukari unaiweka juu ya kigoda, unarudi nyuma, naye anaichukua ukishageuka. Kusalimiana mnasalimiana, tena kwa maneno mengi, ila kila mmoja anatazama upande wake. Vijana wa siku hizi wanatucheka. Wao wanapiga picha na mama wakwe zao wakiwa wamekumbatiana, haya, ni juu yao. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nagombana na wateja, nagombana na wauza mbao, nagombana hata na redio, lakini kwa adabu ya ukweni hakuna wa kuninyooshea kidole.

Adabu hiyohiyo ndiyo iliyoniponza, na ilinikuta kwenye kazi yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Kahama. Natengeneza vitanda, milango, meza na makabati. Wateja wangu wengi ni wachimbaji wa dhahabu. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, mtu aliyekuwa analalia turubai wiki iliyopita anakuja kuagiza kitanda cha sita kwa sita chenye droo na kioo, na anakitaka kesho. Namwambia kwamba kwa mbao mbichi hakuna kesho. Ananuna, anaenda kununua kile cha dukani kilichogandishwa kwa unga wa mbao, mvua zikianza kinavimba, anarudi kwangu bila salamu.

Ukulele zilinijia kwa bahati. Mwalimu mmoja wa kwaya alileta ukulele, kigitaa cha nyuzi nne ambacho abiria mnene alikikalia kwenye basi. Nilipokifungua nilishtuka. Mbao zake zilikuwa nyembamba kuliko kifuniko cha sanduku, na ndani kulikuwa na mbavu ndogondogo za mti zilizobandikwa kwa gundi. Maisha yangu yote nilikuwa nimefanya kazi na mbao za inchi moja kwenda juu, nikaona nimetukanwa. Nikasema kama kuna mtu huko duniani anaweza, na mimi nitaweza. Ya kwanza niliyotengeneza ililia kama mtu anagonga katoni la sabuni. Ya pili ilipasuka kiangazi kilipoingia. Ya tatu iliimba, na nilizunguka nayo karakana nzima nikiwaita majirani waje waisikie. Tangu hapo mtaa mzima wananiita fundi wa magitaa ya watoto, nami nawaachia wacheke, kwa sababu kwaya na shule zinaagiza kuliko ninavyoweza kutengeneza.

Mbao zote zinatoka hukuhuku kwetu. Kahama inabomoa nyumba zake za zamani ili kujenga ghorofa, na kila panapobomolewa mimi nipo na baiskeli yangu kuomba fremu za milango. Fremu ya mninga iliyokaa juu ya mlango miaka thelathini imeshamaliza ukaidi wake wote. Haipindi tena, haivimbi, na ukiipasua unakuta ndani bado ina rangi ya asali na harufu inayonifanya nisimamishe randa nivute pumzi. Naipasua nyembamba, naichemsha, kisha naikunja taratibu juu ya bomba la chuma lililolazwa kwenye jiko la mkaa. Hapo inapata kiuno. Uso wa mbele natumia paini ya misitu ya kupandwa upande wa Geita. Nachagua ile yenye mistari iliyobanana, nikiigonga ubao mmoja mmoja karibu na sikio. Wauza mbao wanasema nimepagawa. Ubao wa kubonyezea nyuzi ni mpingo. Mpingo wa porini kwetu ni mfupi na umepinda, watu wanauchoma mkaa, basi nanunua vipande kwa muuza mkaa kabla hajavitia tanuruni. Mfupa wa kupitishia nyuzi naupata buchani. Nyuzi zenyewe ni nailoni za kuvulia samaki, zinaletwa na wafanyabiashara wa ziwani.

Nilikuwa pia na ubao mmoja wa mkongo, mwekundu, mzito, mgumu wa kukatisha tamaa msumeno. Niliununua Ushirombo ukiwa na kibali na muhuri wake, nikaufungia juu ya dari nikisubiri kazi inayoustahili.

Mama mkwe wangu anaishi kijiji kimoja mbele ya Songwa. Huko yeye ndiye mwanzisha nyimbo wa kikundi chao cha kina mama wanaopalilia kwa zamu, leo pamba ya huyu, kesho mtama wa yule. Yeye anaanzisha, wenzake wanaitikia, majembe yanafuata. Mke wangu husema kwamba utotoni alikuwa akijua mama yake yuko shamba la nani kwa kusikiliza tu upande sauti inakotoka. Mwaka juzi, katikati ya palizi, mama alikaa chini kwenye tuta na hakuweza kuinuka. Kilikuwa kiharusi. Mdomo ulipona, akili ilipona, lakini upande wa kushoto ulilegea, mguu na mkono. Wakamleta kwetu Kahama ili awe karibu na hospitali na mazoezi ya viungo.

Sasa fikiria, mimi na mama mkwe ndani ya nyumba moja! Jambo la kwanza nililofanya ni kutoboa ukuta wa nyuma na kutia mlango wa pili ili niweze kuingia na kutoka bila kupita ukumbini. Nilikuwa nakohoa kabla sijakanyaga uani, binti yangu akawa ananiuliza kama nina mafua. Asubuhi nilikuwa nasimama nje ya pazia la chumba cha mama na kumsalimu huku nikitazama chokaa ya ukutani.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Mmeamkaje?"

Siku ya pili tu baada ya kufika kwake nilisimama hapohapo nikaona nimpe na neno la faraja. Nikasema, "Pole sana, mama. Tumshukuru Mungu ni wa kushoto. Mkono wa kazi umebaki."

Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anajigeuza. Halafu akasema, "Ee, baba." Nami nikaenda zangu karakana nikijiona nimefanya la maana.

Mguu ulianza kurudi taratibu, akawa anatembea na fimbo mpaka uani. Mkono ulikataa, au tuseme mwenyewe aliukataa. Hospitalini walimpa mpira wa kitambaa aufinye mara nyingi kila siku, akauweka chini ya mto na kuusahau. Mkono akauacha umelala mapajani siku nzima. Nyimbo ziliisha. Mke wangu alimwimbia nyimbo za shambani akiosha vyombo, akitumaini ataitikia, na mama akasema kichwa kinamuuma. Miezi ikapita hivyo. Kisha siku moja akampigia simu mwanawe, shemeji yangu, akamwambia aje amchukue akimaliza palizi, Jumamosi fulani, wiki tatu mbele. Anataka kwake.

Mke wangu alinijia karakana, jambo ambalo halifanyi, akasimama kati ya maranda.

"Baba Watoto, akirudi kule hakuna wa kumpeleka mazoezi," akasema. "Kaka yuko shamba, mke wake ana watoto wadogo. Atatolewa nje asubuhi, ataketi. Jioni ataingizwa. Mkono utakauka. Ataketi hivyo mpaka afe."

Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia. Nilibaki nimeshika patasi.

Wiki hiyohiyo niliwafuata mke wangu na mama hospitali na baiskeli, nikiwa nimebeba ukulele ya kupeleka shule moja. Nikangoja nje, kama inavyopasa. Dada anayefanyisha mazoezi alitoka na mke wangu, akaona kile nilichoshika, akauliza kama anaweza kukijaribu. Akapitisha vidole juu ya nyuzi, akacheka, akasema kwamba kitu kama hiki kingekuwa dawa kwa mama. Mpira wa kitambaa unachosha, hauna raha. Huu mkono upewe kazi anayoipenda.

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilirudi nimeshapanga kila kitu kichwani. Mkono mgonjwa ni wa kushoto. Kwenye ukulele, wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Basi vidole vyake vitabonyeza, vitapata nguvu, na wa kulia ulio mzima utapiga. Nikaona Mungu mwenyewe amekipanga chombo hiki kwa ajili ya mama mkwe wangu. Nikamwomba mke wangu anichoree kiganja cha kushoto cha mama yake kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Akaleta mchoro. Vidole virefu, kidole gumba kimejitenga sana. Nikaubandika ukutani juu ya benchi la kazi, nikapima shingo ya ukulele kwa kuufuata.

Nikateremsha ule ubao wa mkongo. Sikutaka mama mkwe wangu apewe fremu ya mlango wa mtu. Niliupasua mpaka mkono ukanivimba, nikaukunja kwa shida kubwa, ubavu mmoja ukavunjika nikaanza upya. Kuubana gundi ikauke nilizungushia mipira ya ndani ya baiskeli, mizunguko isiyohesabika. Wateja wawili wa vitanda waliondoka kwa hasira, nikawaambia njia wanaijua. Wiki mbili baadaye ilikuwa imekamilika, nyekundu, imeng'aa, nzito mkononi namna ambayo niliiona ni heshima. Mke wangu akampelekea. Mimi nikaketi nyuma ya nyumba, chini ya dirisha lake, nisikilize.

Nikasikia uzi mmoja umeguswa, sauti imekufa, maana kidole hakikubonyeza vya kutosha. Kimya. Tena mara moja. Kimya. Kisha nikasikia kitu kinawekwa sakafuni.

Siku ya tatu mke wangu aliniletea ujumbe akitazama chini. "Mama anasema ahsante sana, kazi ni nzuri. Anasema tuitundike ukutani ipendeze."

Nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika kwa mgonjwa. Sikumwambia mtu, lakini siku ile niliparuza mbao za watu hovyo nikisema moyoni kwamba hataki kupona, kwamba wengine wangeipata hiyo wangefurahi. Mtu akinikatalia kazi ya mikono yangu naona amenikataa mimi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho kulikuwa na mvua ya asubuhi. Karakana ilivuja kwenye kona, nikahamia nyuma ya nyumba chini ya bati, nanoa patasi. Dirisha la mama lilikuwa wazi. Nikasikia nyuzi.

Hazikupigwa vizuri, lakini zilipigwa, zote nne, pole pole, mkono mzito ukizipitia. Nikaacha kunoa. Kulikuwa na kitu hakiko sawa. Ukiishika ukulele kawaida na kuteremsha mkono, uzi wa mwisho kuguswa, ule wa chini kabisa, ndio wenye sauti kali kuliko wote. Nilichokuwa nasikia mimi ni ule mkali ukitangulia. Nikadhani anapiga kwa kupandisha. Nikangoja. Ukatangulia tena. Mara ya tano, mara ya sita, ni uleule. Hakuna anayeanza kujifunza kwa kupandisha kila mara. Mtu anayepata sauti ile ameshika chombo juu chini.

Nilimfuata mke wangu jikoni nikiwa na patasi mkononi, maskini, nikamtisha.

"Mama ameishikaje ile ukulele?"

"Ameiteremsha ukutani akaigeuza," akasema. "Anasema mkono wa kushoto ndio unaotaka kupiga nyuzi. Si unajua mama ana shoto."

"Nijue wapi?"

Akanitazama. "Hukujua mama ana shoto?"

"Nijue wapi, mwanamke? Nimemwona lini akishika kitu?"

Akaketi kwenye ndoo. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba jua huchomoza mashariki. Jembe mama analishika kwa shoto. Kisu, ufagio, mwiko, fimbo ya ng'ombe. Kula tu ndiko anakula kwa mkono wa kulia, kwa sababu utotoni bibi alimchapa kila alipotia wa kushoto kwenye sahani. Palizini wenzake humwacha mwisho wa mstari ili jembe lake lisigongane na yao. Kijiji kizima kinajua.

"Na ulipochora kiganja hukuniambia?"

"Uliniomba cha kushoto. Nikasema, mume wangu amefikiria."

Nilikuwa sijafikiria chochote. Nilikuwa nimeishi na watu hawa miaka kumi na saba nikijua kila jina la ng'ombe wao, na sikujua mama mkwe wangu analimia mkono gani. Halafu nikakumbuka nilichomwambia pale nje ya pazia. Mkono wa kazi umebaki. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwanamke amepoteza mkono uliolima, uliosonga ugali na kulea watoto wanne, na mimi, mtu mwenye adabu, nikamwambia ashukuru.

Zilibaki siku nne kabla ya shemeji kufika. Ile ya mkongo ilikuwa haifai, na sasa niliona kwa nini. Ukiacha kwamba ilikuwa imekaa kinyume, ilikuwa nzito, na mkono dhaifu ulichoka kuizunguka kabla haujafika kwenye nyuzi. Uzito ule ulikuwa wa kunifurahisha mimi. Juu ya dari nilikuwa na kiwiliwili kimoja cha ukulele kilichokauka barabara, mbavu za mninga wa fremu ya mlango, uso wa paini, kwaya moja ilikuwa inakingoja. Nikaipigia simu kwaya nikawaambia wataendelea kungoja. Nikakishusha. Kilikuwa chepesi kiasi cha kuning'inia kwenye kidole. Nikageuza kila kitu. Matundu ya mfupa nikayachimba upya, nyuzi nikazipanga kuanzia upande wa pili, zile mbavu za ndani nikazihamisha ziendane na mvuto mpya, na hiyo peke yake ilikula siku nzima.

Lakini shingo na kingo sikuweza kuzikisia. Mkono utaegemea wapi? Utainuka kiasi gani? Karatasi ya saruji ilikuwa imeshanidanganya mara moja. Mke wangu akasema atampiga mama picha kwa simu, hata video, aniletee. Nikakataa. Kumchungulia mtu kwenye simu ni kumchungulia tu, na isitoshe picha haionyeshi nguvu. Akaenda kumweleza mama. Alirudi akiwa anatabasamu kwa mara ya kwanza katika siku nyingi.

"Anasema ufunge kitenge mlangoni."

Jumatano asubuhi tulifunga kitenge kwenye fremu ya mlango wa chumba chake, kikaning'inia mpaka chini ya kiuno cha mtu aliyeketi. Yeye akaketi kwenye kiti upande wa ndani, mimi kwenye kigoda upande wa nje. Tukasalimiana. Halafu mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya kitenge, akiusaidia kwa ule wa kulia, akaulaza juu ya kiti kidogo mbele yangu.

Ndiyo mara ya kwanza nilipouona. Ulikuwa mkono mkubwa, mweusi, unatetemeka kidogo kwenye kifundo. Kwenye kiganja, chini ya kila kidole, kulikuwa na sugu za jembe, zimeanza kulainika kwa kukaa bure, lakini zipo. Nina sugu nami, naijua sugu ya miaka. Karatasi haikuweza kuchora kitu hicho.

Sikuugusa. Nikaisukuma ukulele chini ya kitenge, nikasikia anaipakata. Akajaribu kupiga. Mkono ukakwama.

"Pananikata hapa," akasema, akatoa mkono akanionyesha alama kwenye nyama ya chini ya kiwiko. Nikachukua tupa nikaulegeza ukingo, nikampa. Akajaribu. "Bado." Nikachukua tena. Shingo nayo ilikuwa nene kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, nikaipunguza kwa msasa hapohapo nimeketi, maranda yananijaa mapajani. Ilipita chini ya kile kitenge mara nyingi asubuhi ile. Katika kupita huko nikapata ujasiri.

"Mama, kuna neno nilisema ulipofika."

"Neno gani?"

"La mkono wa kazi."

Nje muuza maziwa alipita akipiga kengele, akaenda mpaka mwisho wa mtaa.

"Nililisikia, baba," akasema. "Nililia siku mbili. Nikasema, kumbe hata mkwe wangu anaona ule uliokufa haukuwa na kazi."

"Nisamehe, mama. Sikujua. Sikuwa nimeuona."

"Sasa umeuona?"

"Nimeuona, mama."

"Haya. Punguza na hapa, bado panauma."

Nikapunguza. Macho yalikuwa yamenijaa machozi na tupa iliniponyoka ikanichubua kidole. Alipoipokea mara ya mwisho akapiga nyuzi zote nne kwa kuteremsha, na zilikuja kwa mpangilio wake, ule mkali mwisho. "Wabeja," akasema, na ndivyo tunavyoshukuru kwetu.

Alhamisi na Ijumaa sikufanya kazi ya mtu yeyote. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikijifanya napanga mabaki ya mbao. Yule dada wa hospitali alisema kwa simu kwamba hivi ndivyo vizuri zaidi. Mkono mgonjwa ufanye kazi ya kwenda na kurudi, vidole vitafuata polepole. Mama alikuwa anapiga, anapumzika, anapiga tena. Binti yangu alimwonyesha mahali pa kuweka kidole kimoja, kisha viwili. Lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza kuhusu Jumamosi. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu Jumanne, limesimama karibu na mlango, na mke wangu alikuwa analizunguka kila akifagia.

Shemeji alifika saa nne asubuhi akiwa na matope ya palizi kwenye buti. Alikunywa uji, akasema gari la Shinyanga linaondoka saa saba, wakishuka hapo watapata lingine la Maganzo, njia ya kwao. Mke wangu alipika wali na kuku. Mimi nilikuwa kwenye mlango wangu wa nyuma, ndani siwezi kuingia, nje sina la kufanya.

Walipomaliza kula nikasikia shemeji anasema, "Haya mama, twende."

"Ngoja," mama akasema.

Akaanza kupiga. Mkono ulikuwa mzito lakini ulikwenda na kurudi. Kisha akaimba. Ulikuwa wimbo wa palizi, sauti yake imeshuka chini kuliko ile niliyokuwa naisikia zamani nikiwa mbali mashambani, na ina mikwaruzo. Akaanzisha mstari wa kwanza. Wimbo ule unataka waitikiaji, na hawakuwepo. Akanyamaza akingoja, kama anavyongoja shambani. Mke wangu akaitikia kutoka jikoni, sauti ikimkatika. Mama akaanzisha wa pili, na shemeji, na matope yake, akaitikia na dada yake. Mahali pa kubadilisha vidole mama alikwama. Nikasikia mkono wa kushoto umesimama ukingoja wa kulia upate mahali pake, wimbo mzima ukasimama, nao wakangoja. Akapapata. Wakaendelea. Ubeti uliofuata akakwama palepale.

Akaacha.

"Umeona hapo?" akamwambia mwanawe. "Siwezi kurudi kwa wenzangu nakwama hapo. Watakaa na majembe juu wananingoja mimi?"

"Mama, utajifunzia nyumbani."

"Na uzi ukikatika kule nani atanifungia? Wewe?" Akaupiga uzi mmoja. "Nenda uwaambie waendelee na palizi, mwenzao atakuja. Waambie huu mkono una kazi huku."

Shemeji alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshindwa na anafurahi kushindwa. Akaaga. Nilimsindikiza kwa kuzunguka nje ya nyumba mpaka stendi, tukaongea habari za mvua na bei ya pamba, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliogopa kuitaja. Gari liliondoka naye peke yake.

Niliporudi, kupitia dirisha nikamwona mke wangu amepiga magoti sakafuni mbele ya lile begi, anatoa nguo za mama yake moja moja, anazinusa, anazikunja upya na kuzipanga kabatini.